Mpaka Itakapompendeza Mfalme

Katika Hesabu 35 Mungu anawaagiza Waisraeli watenge miji sita ya makimbilio. Mtu aliyemuua mwenzake pasipo kukusudia alikimbilia huko, asije akauawa na mlipiza kisasi cha damu. Tukiisoma sura hiyo polepole tunaona mambo matatu. Kwanza, mkutano ulisikiliza shauri lake. Pili, kukaa kwake mjini humo kulikuwa na mwisho unaojulikana, yaani kufa kwa kuhani mkuu. Tatu, mwisho huo ulipofika alirudi kwao. Sura hiyo haimtaji mgonjwa wa akili. Hata hivyo inatufundisha namna ya kumtendea mtu ambaye mkono wake umeua na moyo wake haukukusudia: damu iliyomwagika si jambo dogo, lakini aliyeimwaga naye hasahauliwi.

Sheria tuliyorithi Afrika Mashariki ilianzia kwingine. Tarehe 15 Mei 1800, ndani ya ukumbi wa maigizo wa Drury Lane, London, James Hadfield alimfyatulia bastola Mfalme George wa Tatu, akamkosa. Hadfield alikuwa askari aliyejeruhiwa vibaya kichwani vitani. Katika ugonjwa wake aliamini kwamba akiuawa na serikali, Kristo atarudi. Mahakama iliona kuwa hakuwa na akili timamu, basi hakuwa na hatia. Lakini nani angethubutu kumwachia? Mwaka huohuo Bunge lilitunga sheria kwamba mtu wa namna hiyo awekwe kizuizini mpaka itakapompendeza Mfalme. Hadfield alifariki mwaka 1841 katika hospitali ya Bethlem, ambayo jina lake limetokana na Bethlehemu. Alikuwa amekaa kizuizini miaka 40.

Utawala wa Waingereza uliileta kanuni hiyo huku kwetu. Baada ya uhuru, mamlaka ya Mfalme yalibaki mikononi mwa Rais nchini Kenya, na mikononi mwa Waziri nchini Uganda na Tanzania. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 iliweka utaratibu huu: mahakama ikiona kuwa mshtakiwa alitenda kitendo, lakini kwa sababu ya ugonjwa wa akili hana hatia, inapeleka taarifa kwa Waziri, na mtu huyo anawekwa kizuizini akingojea amri. Wengi hupelekwa Isanga, Dodoma. Kwa mama wa Mzenga anayeishi kwa mihogo na korosho, nauli ya kwenda Dodoma kumtazama mwanawe si mchezo.

Hapo ndipo penye uzito. Mwizi aliyehukumiwa miaka mitano anaijua siku yake ya kutoka. Huyu aliyeambiwa hana hatia haijui.

Watu kadhaa wamekwenda mahakamani kuuliza kama hiyo ni haki. Mwaka 1981 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua dhidi ya Uingereza yenyewe, kwamba mgonjwa aliyezuiliwa lazima apate chombo cha kisheria kinachoweza kupima upya sababu za kumzuia na kumwachia, badala ya kumtegemea waziri peke yake. Uingereza ikabadilisha sheria yake.

Huku kwetu, mwaka 2015 Jaji Batema wa Mahakama Kuu ya Uganda, huko Fort Portal, alisikiliza ombi la mtu aliyemuua mtoto wake mwenyewe akiwa mgonjwa. Alikuwa amekutwa hana hatia, kisha akakaa gerezani miaka mingi akisubiri amri ya Waziri. Jaji alisema kazi ya kutoa amri hiyo ni ya mahakama, nayo iipitie hali ya mtu huyo kila baada ya muda. Mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ya Uganda ilibatilisha kifungu kilichoruhusu mshtakiwa mgonjwa azuiliwe kabla hata ya kusikilizwa, na ikakataa maneno ya dharau ambayo sheria iliyatumia kuwaita watu wenye ulemavu wa akili. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ya Meru mwaka 2016, na Jaji David Majanja huko Kisumu mwaka 2018, waliona kuwa kumfunga mgonjwa kwa ridhaa ya Rais kunapingana na Katiba.

Aliyefiwa atauliza: na sisi je? Swali lake ni la haki, na tusiliruke. Majaji hawakusema milango ifunguliwe tu. Walisema awepo hakimu wa kusikiliza, daktari wa kutoa taarifa, na tarehe ya kurudia shauri. Aliye hatari bado atazuiliwa na kutibiwa. Majaji hao wameturudisha karibu na mambo mawili ya kwanza ya Hesabu 35: mkutano unaosikiliza, na mwisho unaoweza kujulikana.

Jambo la tatu, kurudi kwao, halimo katika uwezo wa jaji. Mahakama inaweza kufungua mlango, lakini haiwezi kuwaamuru ndugu wamtandikie kitanda. Hapo Kanisa letu lina historia ya kuendeleza. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianza kama makao ya watoto waliookolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Inawahudumia hadi leo.

Si kila usharika utajenga Lutindi. Lakini tunaweza kukaa na familia ya marehemu kwanza, kabla ya kumtetea aliyeua. Tunaweza kuichangia familia ya mgonjwa nauli ya Dodoma. Akirudi, tunaweza kuhakikisha anafika zahanati na dawa hazikatiki, maana dawa zikikatika wote wawili wako hatarini, yeye na jirani yake.

Katika Marko 5 Yesu alimponya mtu aliyekuwa akifungwa pingu na minyororo, akamtuma aende nyumbani kwa watu wake. Watu wa nchi ile walimwona ameketi, amevaa nguo, ana akili zake, wakaogopa. Marko hasemi kwamba waliogopa alipokuwa makaburini. Sisi wa usharika huu tutamwogopa akiwa wapi?