Tiba Kazi: Taalimu Iliyochelewa Kufika Ufipa

Tarehe 25 Novemba 1918, katika mji wa Abercorn ambao leo huitwa Mbala, na ambao msafiri avukaye mpaka wa Kasesya kwenda Zambia huufikia kabla hajachoka, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliweka chini silaha za jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, akiwa na askari wa Kiafrika zaidi ya 1100, majuma mawili kamili baada ya vita kunyamaza Ulaya. Waandishi wa tarehe hupenda kuusimulia mkutano ule kwa saluti zake na kwa heshima waliyopeana maadui. Mimi huona kwamba habari iliyo kubwa zaidi ilikuwa nyuma ya safu za askari, kwa wapagazi. Pande zote mbili za vita zilikuwa zimewakusanya watu hao kwa mamia ya maelfu, wachache kwa ujira na wengi kwa kukamatwa, wakapandisha na kuteremsha mizigo katika nchi isiyo na njia ya gari. Makumi ya maelfu walikufa kwa kuhara, kwa malaria na kwa njaa, na katika waliojaliwa kurudi makwao wamo waliorudi na miguu iliyolemaa, vidole vilivyoliwa na funza, na nyoyo zilizotikiswa na mambo waliyoyaona. Waliowauguza ni jamaa zao, na jamaa zao ndio waliowafundisha upya kushika jembe, kila ukoo kwa maarifa uliyokuwa nayo.

Ajabu ni kwamba vita hivyo hivyo, ng'ambo ya bahari, vilikuwa vikilea taalimu iliyokusudiwa watu wa hali hiyo hiyo. Mwezi wa Machi 1917, katika mji mdogo wa Clifton Springs, jimbo la New York, watu sita walikutana kwa George Edward Barton, msanifu wa majengo ambaye kifua kikuu kilimdhoofisha na kisha kupooza kukamnyang'anya upande wa kushoto wa mwili, wakaunda jumuiya ya kueneza tiba kazi. Miongoni mwao alikuwamo William Rush Dunton, tabibu wa maradhi ya akili, na Eleanor Clarke Slagle, aliyekuwa akiwafunza wengine kazi hii mjini Chicago. Haukupita mwezi Marekani ikaingia vitani, na kufika 1918 wanawake waliofunzwa kwa haraka walikuwa wamekwisha vuka Atlantiki, wakiwa katika hospitali ya jeshi nambari 117 huko La Fauche, Ufaransa, wakiwashughulisha kwa mbao, nyuzi na udongo askari ambao mizinga ilikuwa imewavuruga akili.

Haraka ile iliacha doa. Kwa miaka mingi matabibu waliwatazama watu wa fani hii kuwa ni akina dada wa kufundisha wagonjwa kusuka vikapu, na nadhani ni kwa kuliona doa hilo ndipo fani yenyewe ikawa na shauku ya vyeti kuliko jirani zake. Mwaka 1923 chama chao cha Marekani kiliweka kipimo cha chini cha mafunzo. Katika miaka ya 1940 Chuo Kikuu cha Southern California kilianza kutoa shahada ya uzamili. Mwaka 1989 chuo hicho hicho kikafungua masomo ya uzamivu juu ya shughuli za mwanadamu na athari zake katika siha. Na tangu 2007 vyuo vya nchi ile havikuruhusiwa tena kumtoa mtaalamu mpya kwa shahada ya kwanza peke yake. Uingereza ilikwenda taratibu zaidi. Dk. Elizabeth Casson alifungua chuo cha kwanza cha nchi hiyo, Dorset House, mjini Bristol mwaka 1930, na stashahada yake ilitosha kumpa mtu kazi na heshima kwa miongo kadhaa.

Msomaji ambaye hajapata kumwona mtaalamu wa tiba kazi ana haki ya kuuliza ni nini hasa kinachosomwa kwa miaka yote hiyo. Na tumtazame mama mmoja wa huku kwetu Ufipa, kusini magharibi mwa Tanzania, aliyepigwa na kiharusi akapoteza nguvu za mkono wa kuume, aliyeruhusiwa kutoka hospitali kwa kuwa shinikizo la damu limetulia. Tabibu amemaliza kazi yake, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo amemsimamisha na kumtembeza. Lakini mama huyu anataka kusonga ugali wa ulezi, na ugali wa ulezi ni mzito. Mkono mmoja hushika mwiko, na wa pili hukizuia chungu kisizunguke juu ya mafiga. Mtaalamu wa tiba kazi hukaa naye jikoni akaivunja kazi hiyo vipande vipande: bega linataka nguvu kiasi gani, kiwiko kinakunjuka hadi wapi, vidole vinakaza au vinateleza, jicho linauona upande wa kuume wa chungu au limeusahau, kumbukumbu inaufuata mpango wa maji kwanza na unga baadaye, na moshi na joto vinamchosha baada ya muda gani. Kisha hujenga upya: mwiko hufungwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli mpaka mshiko wake ukanenepa, chungu kikabanwa na kiunzi cha mti chenye vigingi, mama akakaa juu ya kigoda kirefu badala ya kuinama, na mkono dhaifu ukapewa sehemu ndogo ya kazi isiyo ya hatari, ikaongezwa siku kwa siku. Katika vyuo kuivunja kazi namna hii huitwa uchambuzi wa shughuli, na ndio uti wa mgongo wa fani nzima. Anatomia, saikolojia na elimu ya maradhi husomwa ili uchambuzi huo usiwe kubahatisha.

Katika nchi yetu amali hii ilitangulia jina lake. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, Wajerumani wa Kiprotestanti walijenga mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mnamo 1904 makao hayo yakageuzwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ambayo ingali inafanya kazi. Walioiendesha walikuwa na mafungamano na Bethel, karibu na Bielefeld, ambako mchungaji Friedrich von Bodelschwingh alikuwa ameshikilia kwamba mwenye kifafa na mwenye wazimu hupata nafuu akipewa kazi ya maana na mahali pa kuifanyia. Kwa hiyo miaka kumi na zaidi kabla ya mkutano wa Clifton Springs, wagonjwa wa Usambara walikuwa wakilima bustani kwa nia ya tiba. Sisemi kwamba kila jembe lililoshikwa pale lilikuwa dawa. Taasisi za zama zile zilijua vema kuchanganya tiba ya mgonjwa na faida ya shamba, na mstari baina ya mambo hayo mawili ni mwembamba hata leo. Ndiyo maana mafunzo yana thamani: mtu aliyesoma huulizwa kazi hii inamfaa nani, na akishindwa kujibu kwamba inamfaa mgonjwa, basi hiyo si tiba.

Wazo lilirudi kwa sura nyingine baada ya uhuru. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927, ilikuwa imejaa, na mwishoni mwa miaka ya 1960, siku ambazo taifa zima lilikuwa likizungumza habari za vijiji, wakuu wa afya walianzisha vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili, Hombolo kikiwa miongoni mwa vya kwanza, ili mgonjwa aliyepata nafuu aishi, alime na kupika kabla ya kurejea kwao. Mpango ulisifiwa nje ya nchi pia. Hata hivyo kijiji cha namna hiyo kinahitaji mtu ajuaye kupima ni nani yuko tayari kwa kazi ipi, na nchi haikuwa na chuo cha kumtoa mtu huyo.

Chuo kilipatikana Moshi. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa Machi 1971 chini ya Wakfu wa Msamaria Mwema, ilikuwa imejikusanyia mafunzo ya utengamao kuliko mahali pengine popote nchini. Mwaka 1981 kikaanza hapo chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, kwa msaada wa Wajerumani, na katika miaka hiyo hiyo ya 1980 stashahada ya miaka mitatu ya tiba kazi. Kenya ilikuwa imetutangulia tangu miaka ya 1960, na Uganda ikafuata baadaye huko Mulago. Kipimo kilichofuatwa ni kile cha Shirikisho la Dunia la Wataalamu wa Tiba Kazi, lililoundwa Liverpool mwaka 1952 na vyama vya nchi kumi, ambamo Afrika ilikuwa na nchi moja tu, Afrika Kusini. Na katika kipimo hicho liko sharti ambalo mimi naliona kuwa bora kuliko mengine yote, kwamba mwanafunzi asihitimu kabla ya kutimiza saa 1000 za kazi mbele ya wagonjwa, akisimamiwa.

Hapo ndipo shida ya kijiografia inapoanza. Chuo kilikuwa Moshi, hospitali zenye wasimamizi zilikuwa Moshi na miji michache mikubwa, saa 1000 zikamalizwa huko, na mhitimu aliyekwisha zoea wodi yenye vifaa akatafuta wodi yenye vifaa. Kutoka Moshi hadi Kasesya, mpakani mwetu, ni zaidi ya kilomita 1000 za barabara, kupitia Dodoma, Iringa, Mbeya na Tunduma, na sehemu kubwa ya miaka hiyo njia ya kutoka Tunduma kupanda Sumbawanga ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya tope masika. Stashahada ya Moshi ilifaa sana. Ilichokosa ni miguu.

Sasa fani imeanza kupanda ngazi hapa nyumbani pia. Shahada ya kwanza imeanza kusomeshwa nchini katika miaka ya karibuni, na walimu wake hawana budi kuwa na shahada ya uzamili, ambayo Mtanzania wa fani hii kwa desturi ameifuata nje. Mlango uliozoeleka ni Afrika Kusini, ambako Chuo Kikuu cha Witwatersrand kilianza kufundisha tiba kazi mwaka 1943, na ambako uzamili na uzamivu vimekuwapo kwa muda mrefu. Kwa kijana wa Kalambo, wilaya ya mpakani huku Ufipa, kuna kichekesho katika jambo hili: ili awe fundi wa tiba kazi ilimpasa aende kaskazini mashariki mpaka chini ya Kilimanjaro, na ili awe mwalimu wa mafundi hao, barabara yake iliyo fupi hupita Kasesya, mlangoni pa nyumba yao, ikashuka Mbala, Kasama, Lusaka na kuendelea kusini.

Ufipa imepata kumjua tabibu aliyekwenda mbali zaidi ya hapo. Adrian Atiman, mtoto aliyetekwa karibu na Timbuktu, akauzwa, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa utabibu Malta, alifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akaoa huko, akatibu huko, na akafia huko mwaka 1956. Hospitali mojawapo ya Sumbawanga imepewa jina lake. Ninamtaja kwa sababu ya hesabu moja tu. Miaka yake ya masomo ilikuwa michache, ya kazi ilikuwa zaidi ya 60, na yote aliitumia mahali pamoja. Wanaopanga kuipandisha fani hadi uzamili, nami ni mmoja wa wanaoukubali mpango huo, wangefaa kujiuliza ni kitu gani kilimweka Karema. Kwa rai yangu, wenye uzamili wachache wa kufundisha na wenye stashahada wengi wa kwenda wilayani ni mpango wenye akili. Kufuata mfano wa Marekani na kuifuta ngazi ya chini ili fani ipate hadhi kungekuwa kuipamba paa nyumba isiyo na kuta.

Tena elimu ya juu haina sharti la kuwa na vyombo ghali. Huko Zimbabwe, mwalimu Bevill Packer aliendeleza ufundi wa kutengeneza samani kwa karatasi kuukuu na maboksi, zikagandishwa kwa uji wa unga, tabaka juu ya tabaka, zikakaushwa mpaka zikawa ngumu kama mbao. Na wataalamu wa tiba kazi wa Afrika Mashariki wameuchukua ufundi huo wakawatengenezea viti watoto wenye mtindio wa ubongo, kila kiti kwa kipimo cha mtoto wake, chenye ukingo wa kuzuia nyonga na meza ya kuegemeza mikono. Boksi la sabuni na kibaba cha unga hupatikana Matai, makao makuu ya Kalambo, kama vipatikanavyo Moshi. Kinachotafutwa ni mtu ajuaye pembe ya kiti, kwa sababu kiti kilichoinama vibaya humkaza mtoto badala ya kumlegeza, na maarifa ya pembe hiyo ndiyo yaliyomchukua miaka mitatu darasani.

Nami huwaza, siku Mfipa wa kwanza atakapokaa kuandika tasnifu ya uzamili wa tiba kazi, ni mada gani atakayopeleka kwa msimamizi wake. Wafipa wana kilimo chao cha ntumba, ambacho mwishoni mwa masika mkulima hulifyeka jani, akalikusanya na kulifukia chini ya matuta ya duara yaliyosongamana shamba zima, akapanda maharage juu yake, na msimu unaofuata akayabomoa na kuutandaza udongo uliokwisha iva ili apande ulezi au mahindi. Ni kazi ya mgongo, ya mabega na ya kupima kwa jicho, na katika vijiji vya Kalambo wamo watu wanaotamani kuirudia baada ya kiharusi, baada ya ukoma, baada ya kuanguka kutoka kwenye pikipiki. Tuta la mtu mwenye mkono mmoja liwe na upana gani? Mpini ukatwe wapi? Kazi ya siku moja igawanywe kwa siku ngapi, na nani katika nyumba achukue sehemu ipi bila mwenye shamba kuvunjiwa heshima? Msimamizi, akiwa ni mtu wa kazi yake, ataisoma mada hiyo kalamu mkononi, na swali la kwanza atakaloandika pembeni litakuwa jembe lenyewe lina uzito gani.