Fukusi, Vumbi na Pumzi: Historia ya Maradhi ya Watu wa Maghalani

Mjomba wangu alikuwa mchukuzi katika ghala la nafaka mjini Bujumbura. Miaka ya mwanzo alibeba magunia bila shida. Baadaye akaanza kupiga chafya, macho yakawa yanamwasha na kifua kinambana kila anapopakua mahindi ya zamani. Jumapili, siku ya mapumziko, alipumua vizuri. Nyumbani tuliita hali hiyo "mafua ya magunia" tukaiacha hapo. Nilipoanza kusoma historia, niligundua kwamba watu wa kazi yake wameandikwa tangu zamani, na kwamba swali la kitu gani hasa kinachowadhuru lilichukua zaidi ya miaka 250 kupata jibu.

Mwaka 1700, tabibu Mwitaliano Bernardino Ramazzini alichapisha mjini Modena kitabu kuhusu maradhi ya wafanyakazi, De Morbis Artificum Diatriba. Sura moja inawahusu wapepetaji na wapimaji wa nafaka. Aliwaona wakikauka koo, wakivimba macho, wakikosa pumzi na kuwashwa mwili mzima. Alilaumu vumbi, lakini pia alishuku kwamba ndani ya nafaka mlikuwa na vijidudu vidogo visivyoonekana, ambavyo hurushwa hewani wakati wa kupepeta. Aliwataka matabibu wamwulize mgonjwa swali moja la ziada: unafanya kazi gani?

Kwa nini basi shuku hiyo ilikaa karne mbili na nusu bila kuthibitishwa? Naona sababu tatu. Kwanza, neno "vumbi" linaficha mengi: maganda, udongo, kuvu, utitiri, kinyesi cha wadudu. Ukishasema "vumbi", unadhani umemaliza kueleza. Pili, dhana yenyewe ya mzio haikuwepo. Charles Blackley wa Uingereza alichapisha majaribio yake juu ya chavua mwaka 1873, na neno lenyewe la mzio lilibuniwa na Clemens von Pirquet wa Vienna mwaka 1906. Tatu, mtaalamu wa wadudu aliitazama nafaka na daktari alimtazama mtu. Ni mara chache wawili hao walikaa meza moja.

Mwaka 1965 A. W. Frankland na J. A. Lunn walieleza, katika jarida la Uingereza la tiba ya kazini, pumu iliyosababishwa na fukusi wa ngano, Sitophilus granarius. Maisha ya mdudu huyu yanatusaidia kuelewa. Jike hutoboa punje na kutaga yai ndani yake. Buu hula akiwa humo humo, kisha fukusi mzima hutoka na kuacha tundu, unga na kinyesi. Wanaokufa hukauka na kuvunjikavunjika. Gunia likitikiswa, vipande hivyo huingia puani na mapafuni. Katika miaka hiyo hiyo Kimishige na Teruko Ishizaka, wakiwa Marekani, walitambua kingamwili iliyokuja kuitwa IgE. Ndipo jambo moja la kushangaza likaeleweka: mwili huzoeshwa kwanza kimyakimya, kisha hulipuka kwa kiasi kidogo tu. Kwa hiyo mtu anaweza kufanya kazi miaka mingi akiwa mzima ndipo aanze kuugua.

Katika eneo letu, historia ya wadudu wa ghalani inajulikana zaidi kupitia dumuzi, Prostephanus truncatus. Asili yake ni Amerika ya Kati. Alitambuliwa Tabora, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wakampa jina la Skania, kama yale malori. Akaripotiwa Kenya mwaka 1983 na Burundi mwaka 1984. Wakulima walishauriwa kupukuchua mahindi mapema na kuyachanganya na dawa ya unga. Kenya ilimwachilia mdudu adui yake mwaka 1992. Juhudi hizo zilikuwa za lazima, kwa sababu njaa haisubiri. Hata hivyo, katika masimulizi niliyosoma, hasara inahesabiwa kwa kilo za mahindi. Mchukuzi aliyevuta unga ule wa dumuzi siku nzima hahesabiwi.

Sidai kwamba ni dumuzi au fukusi aliyemwumiza mjomba. Hakupimwa kamwe, na vumbi la ghala lina mengi. Ninachodai ni kwamba alistahili kuulizwa. Zahanati aliyokwenda ilimwuliza kama anavuta sigara, ikampa dawa ya kikohozi, akarudi kazini kesho yake. Swali la Ramazzini, lisilohitaji mashine wala fedha, halikuulizwa.

Kwa kuhitimisha, naona historia hii inatufundisha kwamba maarifa yanaweza kuwepo vitabuni huku mwenye kuyahitaji akiendelea kubeba gunia. Ghala safi na nafaka iliyokauka vizuri humlinda mlaji na mbebaji kwa pamoja, na barakoa humwongezea mbebaji kinga. Mjomba aliacha kazi hiyo, sasa anauza mkaa. Nilipomsomea habari za wapepetaji wa Modena alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo walijua?" Nikamjibu kwamba mmoja alishuku.