Alama za Nukuu Zilizopinda

Wiki jana nililala nikijua nimeandika mwongozo safi wa kujenga kontena. Asubuhi nikakuta ujumbe wa mwenzangu mmoja, mgeni kazini. Usiku kucha kontena lake lilikuwa linajengwa vizuri, lakini likiwashwa linazimika. Alishaanza kuomba msamaha, eti labda hana kichwa cha kazi hii. Kumbe kosa lilikuwa langu! Mwongozo niliuandika kwa programu ya kuandikia barua, nayo ikazipinda alama zangu zote za nukuu.

Kisa hiki kina umri kuliko Docker yenyewe. Wapiga chapa wa zamani walikuwa na alama mbili, ya kufungua na ya kufunga. Taipureta, kwa kubana vitufe, ikaziunganisha zikawa moja iliyosimama wima. ASCII ilipotoka mwaka 1963, ikiwa na nafasi 128 tu, iliirithi hiyo moja na kuipa namba 34. Lugha nyingi za programu zilikulia humo.

Baadaye kompyuta zikapata nafasi tele na alama zilizopinda zikarudi. Unicode inaziita 8220 na 8221. Programu za kuandikia zikaanza kuzibadilisha zenyewe ili maandishi yapendeze. WordPress, iliyotoka 2003, ikafanya vivyo hivyo, na vistari viwili ikavigeuza kimoja kirefu. Kwa mtunzi wa hadithi hilo ni pambo. Kwa sisi tunaonakili amri na kuzibandika, ni balaa.

Sasa njoo kwenye Docker, ambayo Solomon Hykes aliionyesha hadharani kule Santa Clara, Machi 2013. Ndani ya Dockerfile, CMD ikiandikwa kwa mabano ya mraba husomwa kama JSON, na JSON haijui alama nyingine ya nukuu ila namba 34. Ukiweka zilizopinda, Docker haikatai. Inadhani umeandika amri ya kawaida ya sheli, inaijenga imeji mpaka mwisho, halafu siku ya kuiwasha sheli inaanza kutafuta programu ambayo jina lake linaanza na mabano! (Matoleo mapya hutoa onyo. Nani husoma maonyo saa nane za usiku?) Afadhali ingekataa pale pale, mtu angejua aangalie wapi.

Nimeuandika upya mwongozo kwa Markdown, ile aliyoitoa John Gruber mwaka 2004, na kila amri nimeifungia ndani ya alama za msimbo, mahali ambapo herufi haziguswi. Ukiusoma kwa macho huoni tofauti, hakuna neno hata moja lililobadilika.

Kisha nikamwandikia mwenzangu kwamba msamaha ni mimi wa kuuomba. Akajibu kwa mstari mmoja: limewaka.