Mirembe na Swali la Nani Anayeamua

Katika mazungumzo yetu, "Mirembe" ni utani kwanza, hospitali baadaye. Mtu akitoa hoja isiyoeleweka kijiweni, au hata ndani ya ukumbi wenye heshima, huulizwa ametoroka lini. Wengi wanaocheka hawajawahi kuliona lango la hospitali hiyo. Utani huo umejengwa juu ya dhana moja: kwamba neno la aliyewahi kulazwa pale halihesabiki tena. Dhana hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imeandikwa hapa Dodoma.

Mirembe ilianzishwa mwaka 1927, chini ya utawala wa Waingereza. Haikuwa ya kwanza nchini. Kule Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walifungua mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na miaka michache baadaye wakaanza kuwapokea wagonjwa wa akili. Lakini Lutindi ilikuwa ya kanisa. Mirembe ilikuwa ya dola. Dodoma iko juu ya Reli ya Kati, na mgonjwa angeweza kuletwa kwa treni kutoka Tabora, Kigoma au pwani, mbali na kila anayemfahamu. Ugogo yenyewe ilikuwa bado ina makovu ya Mtunya, njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920, iliyofuata baada ya majeshi ya vita vya kwanza vya dunia kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Sidhani kama kuna Mgogo aliyeulizwa, katika miaka ile, nchi yake inahitaji hospitali gani.

Uamuzi wa kumlaza mtu ulipita katika mikono ya dola: polisi, hakimu na cheti cha daktari. Shabaha ilikuwa utulivu wa mji na barabara kuliko nafuu ya mgonjwa. Na elimu ya wakati ule iliupa utaratibu huo baraka. J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari jijini Nairobi, aliandika katika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 kwamba akili ya Mwafrika wa kawaida inafanana na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo. Ikiwa huyo ndiye mzima, mgonjwa angeulizwa nini?

Jibu la Kiafrika lilitoka Nigeria. Mwaka 1954, huko Aro karibu na Abeokuta, Thomas Adeoye Lambo aliwapanga wagonjwa wake katika vijiji jirani, kila mmoja akiandamana na ndugu, wakaja hospitalini kwa matibabu na kurudi jioni kwa wenyeji wao. Wazo hilo lilifika kwetu baada ya uhuru: vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili, kama Vikuruti nje ya Dar es Salaam, vilikuwa vya ukoo huo huo. Ndugu, aliyekuwa amefungiwa nje ya lango na ukoloni, akarudishwa ndani. Lakini alirudishwa kama mtunzaji. Naye mgonjwa alipata jembe. Kauli juu ya tiba yake mwenyewe hakuipata.

Wakati huo huo dawa zilikuwa zimebadilika. Klopromazini ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1952, na baada yake zikaja sindano zinazodumu wiki kadhaa mwilini. Kabla ya hapo hapakuwa na mengi ya kuamua zaidi ya kumfungia mtu au kumwachia. Sasa kuna dawa ipi, kiasi gani, kwa muda gani. Dawa hunyamazisha sauti anazozisikia mgonjwa, lakini yaweza pia kumletea usingizi mzito, mikono inayokakamaa au kutetemeka, mate yasiyozuilika, au hali ya kutoweza kutulia mahali pamoja.

Chukua mfano wa mkulima wa Bahi au Kongwa. Mvua ya uwanda huu ni msimu mmoja. Asiyepanda mtama wake zinaponyesha hana msimu wa pili wa kufidia. Daktari akiongeza kipimo mwezi wa Desemba, ameamua pia juu ya ghala la familia hiyo, pengine bila kujua. Mgonjwa anajua. Ndiyo maana huacha dawa kimyakimya, na inapofika Machi analetwa akiwa amefungwa kamba, na faili linaandikwa kwamba "hazingatii matibabu".

Uamuzi wa pamoja kati ya tabibu na mgonjwa ulipata jina rasmi Marekani mwaka 1982, katika ripoti ya tume ya rais kuhusu maadili ya tiba. Kwa muda mrefu wagonjwa wa skizofrenia waliachwa nje ya mjadala huo. Mwaka 2006 watafiti wa Munich walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa wodini: wagonjwa walipitia kijitabu cha faida na madhara ya dawa pamoja na muuguzi, kisha wakapanga tiba na daktari. Waliweza kushiriki, walielewa zaidi, na muda wa daktari haukuongezeka. Nawasihi watumishi wa umma waikumbuke hoja hii ya mwisho, kwa kuwa "hatuna muda" ndilo jibu la kwanza utakalolipata katika kliniki yoyote yenye foleni.

Hata hivyo mfano wa watu wawili mezani hautoshi kwetu. Hapa kuna wa tatu, ndugu, ambaye ndiye mwenye nauli, ndiye anayetunza kadi ya kliniki na ndiye anayekesha. Mradi wa KUPAA, uliofanyika Muhimbili na Mbeya, ulilitambua hilo kwa kuwaketisha mgonjwa na ndugu yake katika vikao vya pamoja. Mwelekeo huo ni sahihi, ila una hatari yake. Daktari wetu, kwa heshima ya mila na kwa haraka, huzungumza na mjomba huku mgonjwa ameketi kando kama mzigo uliosindikizwa. Mjomba anataka sindano kali ili nyumba ilale. Mgonjwa anataka kiasi kitakachomwezesha kulima. Wote wawili wana haki ya kusikilizwa, lakini mwili ni wa mmoja.

Itasemwa kwamba mtu aliyechanganyikiwa hawezi kuamua. Zipo siku ambazo ni kweli. Lakini maradhi haya hupanda na kushuka, na siku za utulivu ni nyingi kuliko tunavyokiri. Katika siku hizo mtu anaweza kueleza, na ikaandikwa, ni dawa ipi ilimfaa, ipi ilimwumiza, na nani aitwe akizidiwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 12 inamtambua mtu huyo kuwa na uwezo wa kisheria sawa na wengine. Mwaka mmoja kabla, Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Afya ya Akili, Na. 21 ya 2008. Nyaraka hizo mbili zisomwe pamoja na kila anayetia sahihi fomu ya kumlaza mtu.

Ugumu mkubwa zaidi uko Isanga, ndani ya Mirembe hiyo hiyo, wanakopelekwa waliofanya makosa wakiwa wagonjwa. Huko mahakama nayo ina kiti mezani, na uamuzi wa kutoka si wa daktari peke yake. Wapo pia, Isanga na katika wodi za kawaida, waliopata nafuu ambao ndugu hawakurudi kuwachukua. Kwa hao kiti cha ndugu kiko wazi, na anayebaki kuulizwa wapi anataka kwenda, na kwa tiba gani, ni mgonjwa mwenyewe.