Ua la Mdanzi na Manukato ya Ubichi

Katika maandishi mengi yahusuyo mavazi na mapambo ya wanawake, manukato hutajwa mwishoni, tena kwa maneno machache, kana kwamba ni jambo dogo lisilostahili uchunguzi. Nguo huhifadhiwa katika majumba ya makumbusho, vito hupimwa na kupigwa picha. Lakini harufu, kwa kuwa haishikiki wala haionekani, huachwa ipeperuke pamoja na aliyeivaa. Ndiyo maana imekuwa rahisi mno kuamini kwamba manukato ya chupa ni uvumbuzi wa Paris, na kwamba mwanamke wa Kiafrika au wa Kiarabu ayanunuaye anaazima utamaduni wa watu wengine. Makala hii inakusudia kuichunguza dhana hiyo kwa kufuata njia ya ua moja tu, nalo ni ua la mdanzi, na aina moja ya manukato yatokanayo nalo: yale ya mtindo wa zamani yenye harufu ya ubichi, yaani harufu ya ua lililochumwa pamoja na jani na kijiti chake.

Mdanzi si mchungwa huu wa kawaida tuulao. Tunda lake ni chungu, na ganda lake lina mashimoshimo. Watu wa pwani wamelitumia zaidi kwa achari na kwa kutia ukali katika mchuzi kuliko kwa kula hivi hivi. Asili ya mti huu ni Asia, nao ulizaliwa kwa kuchanganyika kwa mbalungi na mchenza. Kutoka huko ulipita India na Uajemi, na Waarabu wakaueneza hadi nchi za Mediterania zipata karne ya 10. Jina lake liliusindikiza njiani: Wahindi wa kale waliuita naranga, Waarabu wakasema naranj, Wahispania wakasema naranja. Mchungwa mtamu ulikuja kuenea Ulaya baadaye, katika karne za 15 na 16. Basi bustani za Andalusia na Sicilia zilizosifiwa kwa harufu ya machungwa zilikuwa kwanza bustani za midanzi, na waliozipanda walikuwa Waislamu.

Pwani yetu haikuwa mbali na safari hiyo. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliona migomba na milimau. Kabla ya hapo, huko Mogadishu, alipokewa kwa tambuu na kwa marashi ya waridi ya Dameski, ambayo mtumishi wa sheikh alimmiminia yeye na kadhi. Huo ni ushahidi kwamba karibu miaka 170 kabla ya jahazi la kwanza la Kireno, maji ya maua yaliyokenekwa yalikuwa sehemu ya adabu ya kumpokea mgeni katika miji ya upande huu. Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa mwezi Aprili 1498, mfalme wa mji alimpelekea kondoo, miwa, ndimu na machungwa kwa wingi. Aliporudi kutoka India, Januari 1499, jambo la kwanza alilolituma nchi kavu kule Malindi lilikuwa kutafutiwa machungwa wagonjwa wake, ingawa wengi wao walikufa hata hivyo. Na Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, katika kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886 anaitaja michungwa mirefu iliyokuwa mbele ya nyumba za kuogea, ambamo watoto walipanda kujificha wasionwe na mwalimu wao mkali. Wasomaji wa Kijerumani hawakuwa na budi kuelezwa urefu wa miti hiyo kwa kulinganishwa na miti ya kwao.

Ufundi wa kutoa harufu katika ua una historia yake. Kukeneka ni kuchemsha kitu, kuuongoza mvuke wake katika mrija, na kuupoza hata ugeuke matone. Al-Kindi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, aliandika kitabu kizima juu ya kemia ya manukato na ukenekaji. Ua la mdanzi likikenekwa hutoa vitu viwili: maji yenye harufu, na juu yake mafuta machache mno yaeleayo. Maji hayo ndiyo Watunisia na Wamorocco wayaitayo maji ya zahr. Hutiwa katika vyakula vitamu, hunyunyizwa wageni, hupewa mtoto asiyelala. Huko Lebanon huongezwa katika maji ya moto na kuitwa kahawa nyeupe, ijapokuwa hamna hata chembe ya kahawa ndani yake.

Hapa yafaa tukae kidogo, kwa sababu ndipo wanawake wanapoonekana waziwazi. Katika mji wa Nabeul, nchini Tunisia, mavuno ya maua huwa majira ya kuchipua, yapata mwezi Machi na Aprili. Nguo hutandikwa chini ya mti, wachumaji hupanda ngazi, na ua huchumwa kwa vidole, moja moja, kabla jua halijaliunguza. Ua lililolala siku mbili halifai tena. Katika nyumba nyingi mama wa nyumba ana chombo chake cha shaba na chungu cha udongo cha kukenekea, naye hujua kwa pua, bila kipimo chochote, wakati gani maji ya kwanza yaliyo makali yatengwe na yale mepesi yafuatayo. Maarifa hayo hupita kutoka kwa mama hadi kwa binti. Ama mafuta yenyewe, hayo hupelekwa kwa wafanyabiashara, kwani kilo moja yake huhitaji takriban kilo 1,000 za maua. Msomaji na afikirie ni mara ngapi vidole hurudi tawini hata tani moja ya maua meupe itimie.

Mafuta hayo yanaitwa neroli duniani kote. Jina limetokana na Nerola, mji mdogo karibu na Roma, kwa ajili ya Anne Marie de La Trémoille, mke wa mtawala wa mji huo, ambaye katika karne ya 17 alitia harufu hiyo katika glavu zake na katika maji yake ya kuoga, na mabibi wa Italia wakamwiga. Hakuchuma ua hata moja, wala hakukeneka, alivaa tu. Hata hivyo jina la bibi huyo mmoja ndilo lililobaki katika vitabu, na ya wale waliochuma na kukeneka kwa karne nyingi kabla yake hayakuandikwa popote. Mambo ya namna hii ni ya kawaida katika historia ya anasa, lakini ukawaida wake hauyafanyi kuwa haki.

Kutoka Italia harufu hii ilipanda kaskazini. Johann Maria Farina, Mwitaliano aliyehamia mji wa Cologne, alianza kuuza huko mwaka 1709 maji mepesi yaliyochanganywa spiriti, ndimu za namna mbalimbali na ua la mdanzi. Inasimuliwa kwamba alimwandikia ndugu yake kuwa harufu hiyo ilimkumbusha asubuhi ya Italia baada ya mvua. Maji hayo yakaitwa maji ya Cologne. Napoleon aliyatumia kwa wingi wa kupita kiasi. Mwishoni mwa karne ya 19 Waturuki nao waliyachukua, wakayaita kolonya, wakaanza kuwanyunyizia wageni wao mikononi badala ya marashi ya waridi. Hivyo kitu kilichotoka Mashariki kilirudi Mashariki kikiwa na jina la mji wa Ujerumani, na walio wengi wakakipokea kama kigeni.

Katika karne hiyohiyo ya 19 ua la mdanzi lilifungwa kichwani mwa bibi arusi wa Ulaya. Malkia Victoria wa Uingereza, alipoolewa na Albert tarehe 10 Februari 1840, hakuvaa taji la vito bali shada la maua hayo. Na Albert mwenyewe alikuwa amekwisha kumpa kipambo cha dhahabu na kaure chenye umbo la ua hilo. Tangu hapo likawa alama ya usafi na ubikira. Ajabu ni kwamba yeyote mwenye pua ya kweli atakubali kuwa ua lenyewe si la kitoto hata kidogo. Ndani ya weupe wake mna kitu kizito cha moto wa mwili, ambacho wanakemia wamekitambua kwa jina la indoli na ambacho asumini pia anacho. Somo wa pwani amfungaye mwari kikuba cha asumini na rihani hakuhitaji kemia kulijua jambo hilo, wala hakulificha nyuma ya neno usafi.

Biashara kubwa ilikuwa Kusini mwa Ufaransa, kandokando ya mji wa Grasse. Wakulima wa midanzi wa Vallauris na Golfe-Juan walipoona wanunuzi wanawapangia bei wapendavyo, waliunda ushirika wao mwaka 1904, wakauita Nérolium. Kwa miaka mingi ushirika huo ulikeneka maua ya wanachama wake. Lakini ardhi ya pwani ile ilizidi kupanda thamani kwa sababu ya majumba ya matajiri, na Februari 1956 baridi kali iliua miti mingi. Mwezi uliofuata, tarehe 20 Machi 1956, Tunisia ilipata uhuru wake kutoka kwa Ufaransa. Uzito wa kilimo hiki ukahamia Afrika Kaskazini, nao uko huko hadi leo: ua huchumwa Nabeul na Morocco, chupa hutiwa muhuri Ufaransa. Sisi wa upande huu hatushangai, kwani mlangilangi wa Ngazija na Anzwani ndio huo huo uliomo katika manukato mengi mashuhuri ya Paris, na konyo la karafuu ya Pemba, likenekwalo kiwandani Wawi, huuzwa nje kama mafuta.

Sasa tuje kwenye ubichi. Mdanzi una hazina ya pili: majani na vijiti vyake machanga. Vikikenekwa hutoa mafuta ambayo Wafaransa huyaita petitgrain, maana yake punje ndogo, kwa kuwa zamani yalitolewa katika vitunda vichanga vilivyo kama punje. Harufu yake ni chungu, kavu, ya kijani. Ni kama kuvunja tawi mkononi. Watunga manukato walipotaka kumrudisha mwanamke mtini badala ya kumwachia ua peke yake, waliyaunga mafuta hayo na neroli, wakaongeza galbano, utomvu wa mmea wa Uajemi, wenye ukali wa ganda la mbaazi mbichi.

Aliyethubutu kuliko wote alikuwa Germaine Cellier, mmoja wa wanawake wachache sana waliopewa nafasi katika kazi hiyo wakati wake. Mwaka 1947 alitunga Vent Vert, yaani upepo wa kijani, kwa ajili ya nyumba ya Balmain. Vita vilikuwa vimekwisha juzi tu. Mitindo ya mavazi ilikuwa ikiwarudisha wanawake katika viuno vilivyobanwa na sketi pana. Yeye akatoa harufu ya majani yaliyokatwa, iliyojaa galbano hata wengine wakaiona kali mno, na ndani yake ua la mdanzi likiwa kama mwanga upitao katikati ya matawi. Kwa maoni yangu hiyo ni kazi ya sanaa sawa na picha au utenzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilifuata Chanel No. 19, ya Henri Robert, nayo ina galbano na neroli, ila imetulia zaidi, kama mtu mzima aliyekwisha kuamua jambo. Sanaa hii ina msiba wake: haina nakala. Fomula ya Vent Vert ilibadilishwa miaka ya 1990, na anayenunua jina hununua kitu kingine. Wapenzi wa manukato hayo hulazimika kutafuta chupa za kale, zilizofungwa vizuri na kuwekwa gizani, au kuridhika na yatungwayo upya kwa kuiga mtindo wa zamani.

Namna ya kuyavaa nayo ni elimu. Manukato ya ubichi huanza kwa ukali na hupungua upesi. Mafuta ya ndimu na ya jani hutangulia kuruka, ua hubaki kwa saa kadhaa, na mwisho husalia harufu ya mti au ya kuvu ya miti iliyoshika ngozini. Asiyejua huyahukumu dakika ya kwanza, akayakataa. Bibi wa pwani asingefanya hivyo, kwa sababu amezoea harufu zenye mpango. Nguo hufukizwa udi juu ya chetezo kwanza, ili moshi uwe msingi. Mwili hupakwa liwa. Marashi hunyunyizwa kwa mrashi. Vikuba hutiwa mwisho, kwa kuwa ua halina subira. Tena hutofautisha ya ndani na ya nje. Harufu nzito ni ya nyumbani na ya shughuli za wanawake wenyewe. Ya njiani ni nyepesi, isiyomtangulia mwenyewe kona. Kwa kipimo hicho, manukato ya ua la mdanzi na jani lake yanafaa mchana, katika joto, juu ya nguo ya pamba.

Wako wanawake wa mijini wanaoyavaa hivyo: hufukiza kanga zao kwa udi usiku, na asubuhi huweka tone moja la neroli nyuma ya sikio. Katika wilaya ya Muheza, michungwa inapochanua, harufu huwafikia abiria barabarani kabla hawajaiona miti. Michungwa hiyo ni mitamu, na hulimwa kwa ajili ya tunda. Ua lake lina harufu nyepesi kuliko la mdanzi. Midanzi yenyewe imebaki mmoja mmoja katika viambo vya zamani, na akina mama huichumia majani yake bado.