Hina, nkula na tenture: rangi ya nywele kwetu Maniema

Wengi wanafikiri kupaka nywele rangi ni jambo la leo, la saluni na la vile visanduku vyenye picha ya mwanamke wa nywele za dhahabu. Si hivyo. Hatutaanza na Farao, sawa vile waandishi wengi wanavyopenda. Tutabaki hapa kwetu, kati ya Kasongo, Kabambare na Kindu, na mambo yatatosha.

Kuna kisa kilichotusukuma kuandika. Binti mmoja wa jamaa yetu aliolewa Kasongo. Kwa arusi alipakwa hina mikononi, miguuni na kichwani. Miezi miwili nyuma yake akaenda mjini, akaingia saluni, akataka nywele ziwe nyeupe-nyeupe sawa za wanamuziki. Nywele zikatoka kwa mikono. Mama yake akasema ni kosa la saluni. Mwenye saluni akasema: “Ni hina yenu ya Waarabu njo inaharibu nywele.” Hata ndani ya jamaa, vijana wakaanza kusema kwamba desturi ile ni ya watumwa, bora iachwe. Tukaona kwamba neno limekuwa kubwa kuliko nywele.

Basi tuanze mbele ya hina. Mababu zetu walikuwa na rangi zao. Nyekundu ilitoka katika mti ambao Waluba wanauita nkula, na Wakongo wa magharibi tukula. Wanasaga moyo wa mti mpaka unakuwa unga, wanachanganya na mafuta, wanapaka mwili na nywele. Nyeupe ilikuwa mpemba, ule udongo tunaoujua wote. Rangi hizi zilisema kitu: huyu ametoka kuzaa, huyu yuko katika jando, huyu ana msiba, huyu amemaliza msiba. Tena, na hili tunaomba msomaji alishike, zilikuwa rangi za kuoga. Nkula inakaa juu ya unywele, haiingii ndani. Siku ya kutoka katika hali ile, muntu anaenda mtoni, anarudi bila rangi. Kuoga kwenyewe kulikuwa sehemu ya sherehe.

Hina ilikuja kwa njia nyingine, na lazima tuseme ni njia gani. Ni njia ya misafara iliyotoka pwani, Bagamoyo na Unguja, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Tanganyika, ikafika Kabambare, Kasongo na Nyangwe. Njia ile ilipeleka pembe na watu wetu kule, ikaleta bunduki na vitambaa huku. Livingstone alikuwa Nyangwe tarehe 15 Julai 1871, watu wa misafara walipopiga bunduki sokoni na kuua mamia, wengi wao wanawake. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alijenga nguvu yake Kasongo nyuma ya hapo. Mwaka 1893 askari wa Leopold wakaangusha Nyangwe, na nyuma yake Kasongo. Wakubwa wa kiarabu wakafa ao wakakimbia.

Lakini waungwana hawakukimbia. Hao walikuwa watu wa hapa hapa, waliochukuliwa ao kuzaliwa katika maboma yale, wakaingia dini, wakavaa kanzu, wakasema Kingwana. Walibaki na mchele, na maembe, na msikiti, na arusi ya namna ya pwani. Hina ilikuwa ndani ya mzigo huo. Kwa mwanamke ambaye nyanya yake aliuzwa, kukaa kitako na kupakwa hina na wanawake wenzake kulikuwa njia ya kusema: mimi ni muungwana, mimi si mali ya muntu. Vijana wanaoiita desturi ya watumwa wamegeuza maana yake. Ilifika kwa njia ya utumwa, ndiyo. Lakini waliobaki nayo waliishika kama alama ya kutoka ndani yake.

Desturi ina sheria zake. Mjane aliye katika eda hapaki. Wazee wanaume wenye mvi wanaweza kupaka ndevu, na hapo dini ina neno: mwaka 630, Makka ilipochukuliwa, baba ya Abubakari aliletwa mbele ya Mtume na kichwa cheupe kabisa, na ikaamriwa mvi zile zibadilishwe, lakini weusi uepukwe. Wanachuoni hawasemi wote sawasawa juu ya ule weusi, wengine wanakataza kabisa, wengine wanaona ni karaha tu. Ndiyo sababu mzee wa ndevu nyekundu hashangazi muntu Kasongo, lakini mzee wa ndevu nyeusi kama makaa anachekwa.

Sasa tuingie katika jani lenyewe. Mhina unapenda jua kali na ukavu, mvua za msitu wetu si kwao. Kwa hiyo unga unakuja na wafanyabiashara. Ndani ya jani kuna rangi inayoitwa lawsoni, kidogo tu, asilimia 1 hivi. Ukikoroga unga na maji ya ndimu, lawsoni inatoka, inaingia katika unywele na kujifunga kwenye keratini, protini ambayo unywele umejengwa nayo. Haitoi weusi wa asili. Juu ya kichwa cheusi utaona wekundu kidogo ukisimama juani. Juu ya mvi utaona rangi ya chungwa. Sabuni haiwezi kuifungua. Mamama wazee hawakusoma kemia, lakini wanasema: “Hina haitokake, inaendaka na nywele.” Ndivyo ilivyo, na nywele zinaongezeka sentimeta 1 hivi kwa mwezi. Walijua pia kwamba anayetaka kubadilisha anaweza kwenda kwenye giza tu: hina kwanza, nili juu yake, na kichwa kinakuwa cheusi. Kurudi kwenye mwanga hakukuwa katika desturi, juu hapakuwa na dawa yake.

Dawa hiyo ilitoka Ulaya. Mfaransa Thénard alitengeneza maji ya oksijeni mwaka 1818, na mwaka 1867, katika maonyesho makubwa ya Paris, watu waliona namna yanavyofanya nywele kuwa nyeupe-nyeupe. Mwaka 1907 kijana wa kemia, Eugène Schueller, akatengeneza tenture yake huko huko Paris. Kiwanda chake ndicho L'Oréal ya leo. Saluni zetu zinaishi kwa uvumbuzi huo.

Maji ya oksijeni yanaunguza weusi wa asili. Yakikuta hina ya jani tupu, weusi unaondoka na lawsoni inabaki, kwa hiyo muntu aliyetaka dhahabu anapata rangi ya shaba. Ni masikitiko, lakini kichwa kinabaki na nywele, kama saluni haikuzidisha dawa. Yakikuta nili chini, rangi inaweza kugeuka kijani. Hatari yenyewe iko pengine. Pakiti nyingi zinazoandikwa “hina” si jani peke yake: nyingine zinatiwa chumvi za madini, za risasi ao za shaba. Hizo zikikutana na maji ya oksijeni zinachemka, unywele unapata moto na kukatika. Na ile “hina nyeusi” mara nyingi ina parafenilenediamini, ambayo inaweza kuvimbisha kichwa na macho na kutoa malengelenge. Ulaya inaikubali katika tenture ya nywele mpaka asilimia 2, lakini imekatazwa kupakwa kwenye ngozi; kwetu inapakwa hata mikono ya batoto siku ya Idi.

Saluni inayojua kazi inakata nywele chache kutoka nyuma ya kichwa, inazitia katika kikombe cha maji ya oksijeni ya asilimia 6 na matone ya amonia, inangoja nusu saa. Zikichemka, zikipata moto ao zikigeuka rangi ya ajabu, kazi haifanywi. Kikombe kimoja na nusu saa tu.

Tuliuliza juu ya pakiti ya binti yule. Ilikuwa imetupwa. Lakini shangazi aliyempaka alikumbuka kitu: unga ulikuwa mweusi, na kichwa kilikuwa cheusi katika nusu saa. Jani la hina halifanyi hivyo, linataka masaa, na halitoi weusi. Hapo shangazi akanyamaza kidogo, akasema: “Tulinunua ile juu ilikuwa bei ndogo.” Saluni nayo haikuuliza kitu wala kukata unywele wa kupima.

Binti alinyolewa, akafunga kitambaa zaidi ya miezi sita. Mdogo wake alipoolewa, mamama walileta hina ya kijani iliyonuka majani, wakapaka mikono na miguu usiku kucha. Kichwa chake walikipaka mafuta tu.