Kata Marani iko wapi?

Swali hilo liliulizwa kikaoni Rukanga, chini ya mlima Kasigau, na mama mmoja wa kikundi cha wasusi wa vyondo. Mwenzake ana binti anayefanya kazi kwenye meli ya kitalii huko Karibi, na binti alikuwa ametuma sauti kwa simu akisimulia mambo ya abiria wake: asubuhi hushushwa kisiwani, wakapandishwa katamarani, wakapelekwa kwenye matumbawe kufanya snokeli, wakarudishwa jioni wamebabuka kwa jua na wamefurahi. Sauti ilichezwa tena na tena. Kata, watu wa Kasigau wanaijua. Ni eneo la chifu. Marani nayo ipo, ila iko Kisii. Basi mama hakuuliza upuuzi.

Kikao hicho ndicho kilichoamua kwamba fedha za chama za mwaka huo zisigawanywe zote. Sehemu itengwe, wanachama nao wakaione bahari kule Shimoni na Wasini. Nami, kwa kuwa nafundisha Kiswahili, nikakabidhiwa ratiba. “Utuandikie kwa Kiswahili kinachoeleweka, mwalimu,” mwenyekiti aliniagiza, “si kile cha mtihani.”

Nikaanza na jina la siku yenyewe. Ziara ni ya waziri, au ya kaburi la walii. Safari ni neno ambalo watalii wametunyang'anya mpaka limevaa kofia ya kaki. Meli za kitalii zinapotia nanga Kilindini, abiria hupakiwa magarini wakapanda hadi Tsavo Mashariki kwa lango la Voi, wakaona tembo wekundu kwa vumbi la kwetu, wakarudi melini. Hiyo kwao ni safari. Kwa mtu wa Voi ni msongamano wa barabarani. Matembezi yangefaa kama tungekwenda kwa Mama Fulani jirani. Nilichokitaka kilikuwepo pwani zamani, kimechakaa kidogo tu kwa kutotumiwa: mandari. Mandari ni kutoka na chakula chenu, mkakaa mahali pazuri, mkala, mkapunga upepo, mkarudi. Hakuna mkutano humo wala maombi wala mchango. Akina mama walilipenda mara moja, na mmoja akasema lina sauti ya sufuria ya pilau.

Katamarani ilinipa kazi zaidi. Wanaopenda istilahi za nyumbani huwa na jibu la haraka: tuna ngalawa. Ngalawa inayo magimba mawili ya kando, na katamarani ina mawili ya kuelea, kwa hiyo ni ndugu. Hesabu hiyo haiendi. Ngalawa ni mtumbwi mmoja, umechongwa kwenye gogo moja, ukawekewa mirengu ya kukingama na matengo pande zote mbili ili usipinduke. Mzigo na watu wamo katikati. Matengo ni walinzi tu. Katamarani haina katikati ya kuelea. Ina matumbo mawili yaliyo sawa, na abiria wamekaa juu ya jukwaa lililoyaunganisha, chini yao maji yanapita. Ukimwita mvuvi wa Shimoni aje apande ngalawa ya namna hiyo, atakuuliza mtumbwi wenyewe umeuweka wapi.

Mashua pacha? Hizo ni mashua mbili zinazofanana. Chombo cha matumbo mawili? Huo ni ufafanuzi, na jina linaloeleza sana huchosha ulimi kabla chombo hakijang'oa nanga. Kanu nayo, neno lililozaliwa hukohuko Karibi kwa Wataino na kuingia Ulaya kwa mdomo wa Wahispania wa Columbus, kwa Mkenya ni chama cha jogoo, na wasusi wa Rukanga hawakuniomba ratiba ya kisiasa.

Tanzania mambo yamekuwa mepesi zaidi. Boti ziendazo kasi kati ya Dar es Salaam na Unguja, zile za Azam ziitwazo Kilimanjaro, ni katamarani kabisa, matumbo mawili na jukwaa juu. Maelfu ya watu wamezipanda. Wanasema “boti”, au “nimekuja na Kilimanjaro”, wakitaja mlima ambao watu wa Taveta huuona asubuhi mawingu yakiwa mbali. Hakuna anayehesabu matumbo ya boti akiwa ameshika tiketi.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, aliyefariki mwaka 2017. Neno runinga hutajwa kuwa kazi yake, na imani yake ilikuwa kwamba kabla hujaomba neno kwa jirani, pekua kwanza kasha la bibi yako. Mwaka 1979 ulichapishwa Leiden utenzi wake wa Sambo ya Kiwandeo, unaoeleza chombo cha Lamu tangu mti mpaka tanga, na kila kiungo kina jina lake. Namheshimu, na mandari niliipata kwa kufuata njia yake. Lakini kwa katamarani sikumfuata, na nina sababu.

Neno lenyewe si la Kiingereza. Ni la Kitamil, la upande wa pili wa bahari yetu hii hii: kattu ni kufunga, maram ni mti. Miti iliyofungwa. Mwingereza William Dampier, aliyezurura baharini zaidi ya wengi wa zama zake, aliviona vyombo hivyo kwenye pwani ya Koromandeli na kuviandika katika kitabu chake cha mwaka 1697. Vilikuwa magogo yaliyofungwa pamoja, wavuvi wamepiga magoti juu yake. Baadaye Wazungu wakalihamishia neno kwenye mitumbwi miwili iliyounganishwa ya watu wa Pasifiki, na mwaka 1876 Mmarekani Nathanael Herreshoff akaunda Amaryllis, yenye matumbo mawili, akazipita nyingine katika mashindano ya New York hadi walioshindwa wakalalamika. Tangu hapo katamarani ni ya watalii na matajiri, na fundo la kamba limesahaulika.

Halikusahaulika Shimoni. Tulipofika, ngalawa moja ilikuwa imepandishwa mchangani, na wasusi walipoiona hawakumsikiliza tena mtu wa kupanga foleni. Mama mmoja alipenyeza kidole kati ya mrengu na ukingo wa mtumbwi, akafuata kamba ilivyozunguka, juu, chini, ikakatiza, ikarudi, mpaka akafika ilipofichwa ncha.

“Haikupigiliwa hii,” akasema. “Imefungwa. Na aliyeifunga anajua. Ncha ameizamisha ndani.”

Kijana mwenye ngalawa alicheka. “Msumari ungeupasua mti, mama. Kamba inacheza na wimbi.”

“Hata chondo ukikikaza sana kinakatika mdomo,” mama akamjibu, wakaendelea kuzungumza kamba hadi tukaitwa.

Kwa hiyo niliiacha katamarani ibaki katamarani. Kuazima majina ya vitu vya baharini si aibu kwa Kiswahili, ndivyo kilivyojijenga. Nahodha na nanga ni za Waajemi. Usukani ni wa Waarabu. Bendera tuliachiwa na Wareno, na meli ni mifuko ya barua ya Waingereza iliyogeuka chombo. Ila tazama kazi zinazofanywa na vitu hivyo: kuelea, kuzama, kutweka, kutua, kung'oa, kupwa, kujaa. Hizo ni zetu za asili karibu zote. Kuabiri ndiyo iliyoponyoka ikatoka Uarabuni. Watu wa pwani walipokea chombo cha mgeni pamoja na jina lake, wakakiendesha kwa vitenzi vya mama zao. Nadhani walikuwa sahihi, na kamati za istilahi zinazotumia mwezi mzima kwa nomino na kukiacha kitenzi kijitafutie zinaanza kazi mkiani.

Kasigau kitenzi kina uzito wake wa pekee linapokuja suala la bahari. Ratiba ilipozunguka nyumbani kwa wanachama, mzee mmoja, mume wa msusi, aliisoma akauliza, “Mnakwenda, au mnapelekwa?” Vijana walidhani ni utani. Mwaka 1915, Waingereza na Wajerumani wakipigania mpaka huu, Waingereza waliwatuhumu wenyeji wa Kasigau kwamba walimsaidia adui, wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi. Watu waliozoea ukungu wa mlimani na maji ya chemchemi wakatupwa kwenye joto na mbu. Wengi walifia huko kwa malaria na njaa, na walionusurika walingoja miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kurudi kuishi chini ya mlima wao. Bahari katika masimulizi ya wazee ni mahali ambapo watu walipelekwa. Kauli ya kutendwa imo ndani yake. Nikapitia ratiba upya. “Wanachama watapelekwa Mombasa kwa basi” ikawa “Tutakwenda Mombasa kwa basi”. “Watapandishwa chomboni” ikawa “Tutapanda chombo”. Mzee akaridhika, ingawa mwenyewe alikataa katakata kuja.

Sasa snokeli. Hapa ndipo nilipogoma kuazima, kwa sababu watu hawatafuti jina la bomba, wanatafuta jina la tendo. Bomba lenyewe lina historia ya ajabu: Waholanzi walilifunga kwenye nyambizi zao ili injini zipate hewa chombo kikiwa chini, wakaliita kwa neno la kuvuta puani, kama mzee na ugoro. Wajerumani wakalichukua katika Vita vya Pili vya Dunia na kuliita Schnorchel, neno la mitaani la pua, ndugu wa kitenzi chao cha kukoroma. Mtalii wa leo anayesema anakwenda kufanya snokeli anakwenda, kwa asili ya neno, kukoroma majini. Kwa Kiswahili hiyo ingemwangukia pono, samaki ambaye usingizi wake ni methali.

Vitabu vya utalii huandika “kupiga mbizi”. Hapana. Mbizi ni kuingia chini kwa pumzi yako, ukaokota chaza, ukaibuka. Wengine huandika “kuzamia”, na hilo ni baya zaidi. Dar es Salaam mzamiaji ni kijana aliyejificha kwenye meli ili atokee Ulaya bila pasipoti. Huyu mtu wetu hazami wala hazamii. Analala kifudifudi juu ya maji, miwani usoni, mrija mdomoni, anatazama asikoruhusiwa kukaa. Kiswahili kina kitenzi cha mtu wa namna hiyo, cha dirishani na cha tundu la ufunguo: kuchungulia. Nikaandika “kuchungulia matumbawe kwa mrija”. Mabaharia wa chombo chetu walilisoma, wakatazamana, na mmoja akasema wao husema tu “kuangalia samaki”. Huyo naye hakukosea.

Kwenye hifadhi ya Kisite-Mpunguti, mbele ya Wasini, waliochungulia walikuwa wachache. Wengi walikaa chomboni wameshika kingo, madera yamelowa chapa. Aliyeshuka wa kwanza ni yule mama wa kidole na kamba. Aliingia na jaketi la kuokolea, mkono mmoja haukuachia ngazi, akatia uso majini, akaunyanyua papo hapo, akatema mrija. “Wanatafuna! Nawasikia wanatafuna!” Ni kweli, pono anapokwangua matumbawe kwa meno yake, sauti husikika chini ya maji kama mtu anavunja changarawe. Akarudi chini. Mrija ukawa unapumua wenyewe juu ya maji, na wenzake wakaimba ili asiogope.

Jambo moja binti wa Karibi hakulitaja, na si kosa lake. Huko maji hupanda na kushuka kidogo sana, mara nyingi hayafiki nusu mita, na upepo wa mashariki huvuma karibu mwaka mzima. Mtu anaweza kuandika saa nne asubuhi kwenye karatasi, na saa nne ikawa saa nne. Kwetu, bamvua ikiwa kubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita nne, na upepo wenyewe hugeuka: kaskazi inapomaliza, kusi inaingia, na bahari iliyokuwa wazi kama kioo inachafuka. Ratiba yangu ilikuwa na saa tu. Nahodha wa Wasini, mzee mwenye kofia ya kitambaa, aliisoma kwa adabu, akakubali mandari, akaipitisha katamarani ingawa chombo chake kilikuwa jahazi la injini, kisha akaomba kalamu. Pembeni mwa “saa nane mchana: kurudi” akaandika “maji yakianza kujaa”, akafuta saa nane. Siku hiyo ilikuwa ya pili baada ya mwezi kuandama, bamvua tupu. Tulikula kaa na wali pale Wasini bila mtu kutazama saa, tukasubiri mwamba ufunikwe ndipo tukapanda chombo.